Mwanangu, kuhusu kile cheo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma. Mama yako aliisoma kabla yangu, kama kawaida yake. Unauliza kama unaweza kumwamini tena bosi wako, aliyekuahidi ukuu wa kitengo tangu mwaka jana, ukakaimu muda wote huo, na juzi ukajua pamoja na wafanyakazi wengine kwamba ameajiriwa mtu kutoka nje. Lakini lililonikaa kichwani ni lile ulilolitaja kwa haraka mwishoni, kwamba mkeo bado hujamwambia. Ngoja nianze na hilo.

Mwambie leo. Najua ninachokisema.

Dada yako anaikumbuka ile habari ya bohari kuliko wewe, ulikuwa mdogo. Bosi wangu alinisimamisha kwenye ngazi akaniambia, "Mzee akistaafu, bohari ni yako." Hakuandika popote. Mimi nami sikumwomba aandike. Kumdai bosi karatasi ilikuwa sawa na kumwita mwongo. Nilimwambia mama yako peke yake. Mama yako akamwambia bibi yako, na bibi yako unamjua: wiki haikuisha, majirani wakawa wananiita "mkuu".

Mzee akastaafu. Tukaitwa mkutanoni, akaingizwa kijana nisiyemjua, tukaambiwa huyu ndiye. Nikapiga makofi. Yale makofi, mwanangu, mpaka leo yananiwasha viganjani. Nyongeza ya mshahara niliyoikosa nimeshaisahau, hata kiasi chake sikikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba nilipiga makofi kuliko wote ili pasiwe na mtu wa kunitazama usoni. Kisha nikarudi nyumbani, njia nzima naitwa mkuu, na naitika.

Ndiyo maana nasema mwambie. Pesa zinauma, cheo kinauma, lakini kuendelea kuitikia jina ambalo si lako kunachosha kuliko vyote viwili. Mama yako nilipomwambia hakulia wala hakunipa pole. Aliuliza tu, "Sasa huyo kijana leja atafundishwa na nani?" Nikakasirika. Kesho yake asubuhi nikaitwa nikaambiwa nimfundishe leja.

Nimfundishe! Nilimfundisha, kwa midomo iliyobana. Tulipofika kwenye kuhesabu mali mwisho wa mwaka, tuko wawili tu katikati ya rafu, akaniambia kwamba alikubali kazi ile kwa sababu bosi alimwahidi wasaidizi wawili na ofisi yake mwenyewe. Bosi yuleyule! Wasaidizi hawakuja. Ofisi ikawa meza iliyokuwa nyuma ya mlango. Nilicheka mpaka nikapoteza hesabu, tukaanza upya tangu rafu ya kwanza. Najua si vizuri kufurahia masaibu ya mwenzio, lakini nilifurahi, na nikikumbuka nafurahi tena.

Kwa hiyo nakwambia lile ambalo nyinyi nyote mmechoka kulisikia: ahadi isiyo na saini ni salamu tu. Wahenga walisema ahadi ni deni, sibishani nao. Ila deni hudaiwa aliyekopa, na mabosi wengi hukopa kwa jina la watu wengine. Ikama, yaani idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, si yao, bajeti si yao, na kwenye jopo la usaili wao ni sauti moja kati ya kadhaa. Wanaweza kupendekeza, anayeteua ni mwingine.

Hapo naona nimeanza kumtetea bosi wako, na sitaki. Mtu anayejua kwamba kalamu haiko mkononi mwake aseme "nitakupendekeza", asiseme "ni yako". Ingawa, tukisema kweli, anayekingoja cheo akiambiwa "nitakupendekeza" husikia "ni yako". Sijui wewe uliambiwa maneno gani hasa. Yakumbuke yalivyotamkwa, kabla hujaamua kama ulidanganywa.

Kisha omba kuonana naye, ukiwa umeshalala usingizi, si leo. Muulize nani aliamua, na wewe ulipungukiwa nini. Ukijibiwa "subiri kidogo, safari ijayo", usibishe. Rudi mezani kwako umwandikie barua pepe fupi: kama tulivyozungumza leo, umesema hivi na hivi, kufikia lini. Aliyekuwa na nia atajibu. Akinyamaza, nalo ni jibu la swali lako la imani, tena bora kuliko langu. Na huko kukaimu je, ulipewa barua? Kama ulipewa, hakikisha posho imelipwa mpaka siku ya makabidhiano na kwamba kukaimu kumefungwa kwa maandishi, usije ukajikuta unafanya kazi ya mkuu chini ya mkuu.

Kuhusu kuacha kazi, hukuniuliza, na mama yako amenikataza kusema. Mimi nilibaki. Nilibaki kwa sababu ya ada zenu, na sehemu nyingine kwa ukaidi, na bohari sikuipata mpaka nastaafu. Usilichukue hilo kama mfano wa kufuata wala wa kukimbia. Wewe una cheti nisichokuwa nacho, na mke mwenye kazi yake. Ningekuwa na umri wako na hivyo vyote, ninge... Basi. Nimeshaandika sentensi hiyo nikaikata, mama yako amesimama nyuma yangu.

Kwa upande wetu habari haijatoka nje ya nyumba. Mama yako anaapa hajamwambia mtu, ingawa shangazi yako amenipigia asubuhi kuulizia hali yako kwa sauti ya msibani. Akikupigia na wewe, mwambie hujambo, halafu umpe mkeo simu. Ndiyo maana nimesema umwambie leo.

Baba yako