Pikapu ya marehemu baba: tukubaliane bei gani?

SWALI: Fundi, shikamoo. Marehemu baba ametuachia pikapu ya dizeli ya mwaka 1998, gia za mkono. Tuko watatu, na mimi nataka kuichukua niwalipe kaka na dada mafungu yao. Kaka ndiye aliyelipia kufunguliwa kwa injini miaka miwili iliyopita, na anataka gharama yote iongezwe kwenye bei. Dada anasema gari la umri huo ni skrepa tu, nilichukue kwa bei ya vyuma. Dashibodi inasoma kilomita 214,000. Sitaki kuwapunja ndugu zangu, wala sitaki kupunjwa. Thamani yake ya haki tutaijuaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba.

Msianze na mwaka. Gari hushuka thamani kwa kasi likiwa jipya, halafu mteremko hulainika. Likifika umri wa hilo lenu, pikapu mbili za mwaka mmoja na injini ya aina moja zinaweza kupishana bei zaidi ya mara mbili, na kinachozitenganisha ni hali zake. Hizo kilomita nazo zisikushike sana: ukizigawa kwa umri wa gari, hata 9,000 kwa mwaka hazifiki, na hizo ni chache kwa gari la kazi. Angalia raba za pedali, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Vikiwa vimelika hadi chuma au sponji, viamini hivyo kuliko dashibodi.

Thamani ya pikapu iko kwenye chesisi. Injini hubadilishwa, gia boksi hubadilishwa, milango hupakwa rangi, lakini chesisi iliyooza inaua gari zima, kwa sababu kila kitu kimefungwa juu yake. Ingia chini na tochi na nyundo ndogo. Gonga juu ya ekseli ya nyuma, gonga mahali springi zinaposhikia, gonga nyuma ya kebini ambako tope hujificha na kukaa na unyevu. Chuma kizima hulia kwa sauti kali; kilicholiwa hutoa sauti ya kufa na kudondosha magamba. Magari yaliyozidishiwa mizigo hupata nyufa karibu na vishikio vya springi, kwa hiyo kila alama ya kuchomelea uliza ilifanywa lini na kwa nini. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari lililochakaa juu itilieni shaka. Mkiwa huko chini someni namba ya chesisi, iwe ndefu ya herufi na tarakimu 17 au ile fupi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, na ilingane na kadi ya gari, herufi kwa herufi na tarakimu kwa tarakimu. Namba isiyolingana haina punguzo la bei. Hapo simamisheni mauzo mpaka mjue sababu.

Injini iwasheni asubuhi ikiwa baridi kabisa. Moshi mweusi kidogo unapokanyaga mafuta si ajabu kwa dizeli ya zamani. Wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha injini ikishapata moto unahitaji uchunguzi, huenda maji yanaingia kwenye silinda. Kisha fungueni kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inazunguka: upepo ukipuliza kwa nguvu, pimeni kompresheni (nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda) kabla hamjataja bei yoyote.

Sasa bei. Tafuteni pikapu za aina ile ile, injini ile ile, na kama yenu inavuta magurudumu manne basi nazo ziwe hivyo. Bei inayotangazwa ni matumaini ya muuzaji, kwa hiyo waulizeni waliokwisha kuuza na waliokwisha kununua pesa iliyobadilishana mikono. Bei ya juu sana na ya chini sana ziacheni, shikeni ya katikati. Tuseme hiyo ni 100. Matairi yenu yamezeeka (soma tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019), toeni 8. Klachi inateleza, toeni 7. Springi zimelala, toeni 5. Mnabaki na 80. Hizi ni namba za mfano. Zenu zitatoka kwa bei halisi ya spea na ufundi. Lakini mkate tu ubovu unaozidi ule wa magari mliyolinganisha nayo. Kama na yale yalikuwa na matairi ya zamani, hiyo 8 imeshakatwa tayari, na kuikata tena ni kuwapunja wenzako.

Kaka yako ana hoja, ila ameiweka mahali pasipo pake. Hiyo bei ya katikati ni ya pikapu zenye injini nzima, kwa hiyo kazi aliyoilipia imo ndani tayari. Injini ingekuwa imekufa, mngetoa gharama ya kuifufua. Mkiiongeza tena juu, unailipia mara mbili. Hata hivyo, kama alitoa mfukoni mwake kwa makubaliano kwamba atarudishiwa, hilo ni deni: alipwe kutoka kwenye mali ya marehemu kabla ya kugawana, na alete risiti. Nawasihi sana mlitenganishe na bei ya gari.

Kwa dada, bei ya vyuma si hata sakafu. Injini, gia boksi na difu zinazofanya kazi, zikiuzwa moja moja, huzidi uzito wa chuma. Sakafu ni kile ambacho mvunja magari angekupa leo, na gari linalotembea lenye chesisi nzima linapaswa kuwa juu yake.

Mwiteni fundi asiyenunua wala kuuza magari, na asijue ni nani kati yenu anayetaka kuchukua. Bei ikishapatikana, wewe unalipa mafungu ya wenzako tu, kwa kuwa fungu lako tayari ni lako. Andikianeni, wote mtie sahihi, na jina kwenye kadi libadilishwe siku ile ile unayokabidhi pesa.