Ukialikwa kwenye mkutano wa wataalamu wa barafu, nenda na daftari lako

Kila mkutano wa wataalamu wa barafu unapokaribia katika ukanda wetu, simu yangu huanza kuita. Anayepiga ni kijana wa Bugoye au Kilembe, chini ya mlima wetu, mpagazi au mwongoza wageni, au mwanafunzi aliyetoka Chuo Kikuu cha Makerere, na swali lake ni lile lile: "Kaka, nami nitasema nini mbele ya madaktari na maprofesa?" Nimepanda Rwenzori, safu ya milima iliyo mpakani mwa Uganda na Kongo, kwa miaka mingi, mwanzo nikibeba mizigo, kisha nikiongoza wageni, baadaye nikiwasaidia watafiti kusoma vipimo. Mikutano hiyo nimehudhuria, nimesikiliza na nimezungumza. Jibu langu halibadiliki. Unacho cha kusema, ila kiwe na tarehe na mahali.

Tuanze na watu utakaowakuta. Afrika nzima barafu ya kudumu imebaki kwenye milima mitatu tu: Kilimanjaro, Mlima Kenya na huu wetu. Kwa hiyo wanaoichunguza si wengi, na ukumbi haujai. Utamkuta mhadhiri wa Makerere, maafisa wa hifadhi, wahusika wa maji kutoka wizarani, Mtanzania wa Moshi, Mkenya wa Nanyuki, pengine na Mkongo aliyevuka kutoka upande wa Mutwanga, pamoja na wageni wa vyuo vya Ulaya na Marekani. Mada nyingi ni za dakika kumi au kumi na tano. Mabango hubandikwa ukutani, na wanafunzi huleta kazi ambayo bado inachemka. Uchache huo ndio faida yako. Kufikia chai ya pili, kila mtu ameshajua wewe ni nani na unatoka bonde gani.

Sasa, daftari. Mwaka 1906 mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Savoia, alipanda Rwenzori na msafara wake, na ndani yake alikuwamo mpiga picha Vittorio Sella. Picha za Sella bado zinafanya kazi hadi leo. Zinafaa kwa sababu inajulikana zilipigwa lini na mpigaji alisimama wapi, hivyo mtu anaweza kwenda kusimama pale pale akapiga nyingine, akaweka mbili hizo ubavuni. Wakati ule barafu ilikuwa kwenye milima sita ya safu hii: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na ule uliopewa jina la Luigi di Savoia. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imebaki kwenye Stanley, Speke na Baker tu. Picha za satelaiti zilionyesha takriban kilomita 2 za mraba mwaka 1987, na mwaka 2003 eneo lilikuwa limeshuka hadi chini kidogo ya kilomita 1 ya mraba.

Satelaiti hupita juu, na Rwenzori inajulikana kwa mawingu yanayoiziba. Wewe unapita kwa miguu kutoka kambi ya Bujuku hadi kambi ya Elena, mwaka baada ya mwaka, kwa njia ile ile. Hakuna profesa mwenye miguu hiyo. Chagua jiwe moja kubwa lisilohama, simama hapo kila unapopita, elekeza simu upande ule ule, piga picha, kisha andika tarehe, saa na namba za mahali zinazoonekana kwenye simu. Andika pia mlipovalia kramponi, yaani meno ya chuma ya kufunga kwenye viatu, siku hiyo na mlipofunga kamba. Usiende mkutanoni ukasema "barafu imepungua sana", maana hilo kila mmoja ukumbini analijua. Sema: "Mwezi fulani, mwaka fulani, ukingo wa barafu ulikuwa kwenye mwamba huu. Leo uko hapa, na katikati ni jiwe tupu." Nimeona ukumbi mzima ukiinua vichwa kwa sentensi kama hiyo.

Kuna msamiati utakaousikia tangu asubuhi hadi jioni, na inafaa uuelewe kabla hujaingia. Wanazungumza juu ya mizania ya barafu. Ichukulie kama hesabu ya duka: theluji inayoanguka ni mapato, inayoyeyuka au kupotea hewani ni matumizi, na barafu yenyewe ni mtaji. Hupimwa kwa vijiti virefu vinavyochomekwa ndani ya barafu, halafu mtu anarudi baada ya muda kuangalia vimejitokeza kiasi gani. Ulaya theluji huingia majira ya baridi na kuyeyuka kiangazi. Kwetu hakuna mgawanyo huo. Sehemu ya chini ya barafu huyeyuka mwaka mzima, na theluji hufuata misimu yetu miwili ya mvua. Ndiyo maana msomaji wa vijiti anayeishi karibu ana thamani kuliko mgeni anayefika mara moja kwa mwaka.

Usiogope wakibishana. Kuna mjadala mmoja mkubwa ambao umehusu mlima wetu moja kwa moja. Mwaka 2006 mtafiti Richard Taylor na wenzake, wakiwamo Waganda, waliandika kwamba kupungua kwa barafu ya Rwenzori kunaendana na kupanda kwa joto la hewa. Thomas Mölg na wenzake wakawajibu mwaka ule ule, wakisema tusisahau ukame wa hewa na mawingu, jambo ambalo wao walikuwa wamelichunguza sana Kilimanjaro. Kule juu, kwenye mita 5,895, hewa ni baridi na kavu, na barafu nyingi hupotea bila hata kuwa maji. Margherita, kilele chetu cha juu kabisa, ni mita 5,109 na hewa yake ni ya unyevu, basi mambo hayawezi kwenda sawasawa. Nilipoelewa hivyo nikaacha kumuuliza kila mtaalamu "sababu ni nini?" kana kwamba iko moja. Nikaanza kuuliza "umepima nini, wapi, kwa muda gani?" Swali hilo linamfungua mtu. Utajifunza zaidi katika dakika tano za jibu lake kuliko katika mada yake yote.

Jambo ninalotaka kulisisitiza kuliko yote ni maji. Hapa Kasese karibu kila mtu, na redio zetu pia, husema barafu ikiisha mito itakauka. Nilikuwa nikisikia hivyo tangu utotoni. Lakini watafiti waliopima Mto Mubuku walikuta kwamba maji ya barafu ni chini ya asilimia 2 ya maji yanayofika chini ya mlima, kiangazi na masika. Yaliyobaki ni mvua. Inanyesha kwenye msitu, kwenye mianzi, kwenye miti ya juu iliyofunikwa kuvumwani inayoning'inia kama ndevu, na inashikwa na vinamasi kama vya Bigo, pale tunapozama hadi magotini. Kwa hiyo mkulima wa mpunga na mahindi kwenye skimu ya umwagiliaji ya Mubuku anategemea zaidi msitu na kinamasi kuliko theluji anayoiona kwa mbali asubuhi.

Nawaomba wadogo zangu mlibebe hili mkutanoni na mrudi nalo nyumbani. Tukiendelea kuwaambia watu kwamba maji yao yako kwenye barafu, watakata tamaa, kwa kuwa barafu hawawezi kuirudisha. Wakijua yako kwenye msitu, wana la kufanya kesho asubuhi. Mei 2013 Mto Nyamwamba ulipofurika na kuingia hadi hospitali ya Kilembe, waliochunguza walitaja mvua kubwa, maporomoko ya udongo, na moto uliokuwa umeunguza mimea ya juu mwaka uliotangulia. Mei 2020 maji yalirudi tena. Basi simameni muulize ukumbini: mvua ya juu ya mita 3,000 inapimwa wapi, anayesoma kifaa ni nani, na kikiharibika anaambiwa nani? Kwa mtu wa Kilembe hakuna swali zito kuliko hilo.

Hilo halina maana kwamba barafu si kitu. Huko juu vituo vya hali ya hewa ni vichache, na barafu ni ushahidi wa hali ya hewa kubadilika ambao hakuna anayeweza kuukanusha. Ndiyo inayowaleta wageni wanaotulipia ada za shule. Kwa wazee wa Kikonzo, juu kwenye theluji ndiko makao ya Kithasamba, mungu wa mlima, na mzee akizungumzia theluji kuondoka hazungumzii takwimu. Ukipata nafasi, omba mzee mmoja aalikwe, akae mbele, na apewe muda kamili kama mwingine yeyote. Wataalamu wengi hulipokea ombi hilo vizuri likifika mapema.

Kuhusu lugha, usijifunge. Kiingereza cha jukwaani kina watu wake, lakini kwenye chai Mtanzania, Mkenya, Mkongo na sisi tunakutana kwenye Kiswahili, na hapo ndipo kazi inapopangwa. Mpagazi wa Kilimanjaro amenifundisha mambo ya kamba na usalama ambayo hayakuwa kwenye bango lolote. Ukitaka kuwasilisha kwa Kiswahili, waandikie waandaaji mapema, uwaombe mtu wa kutafsiri, na namba na picha zako uziweke wazi kwenye bango.

Kisha dai kilicho chako. Nimewahi kuwabebea watafiti vifaa, nikawasomea vipimo msimu mzima, wakaondoka, na matokeo sijayaona hadi leo. Iliniuma, na tangu hapo ninaweka makubaliano kabla ya safari: nakala ya data ibaki Uganda, picha zirudi, majina ya waliosaidia yaandikwe, na mtu aje kueleza matokeo kijijini kwa lugha tunayoielewa. Watafiti waadilifu hukubali mara moja. Anayesitasita, mwache atafute mwingine.

Ya safari nitayasema upesi. Mkutano ukiwa Kenya au Rwanda, kitambulisho chako cha taifa kinatosha kuvuka mpaka. Ukiwa Tanzania, shughulikia hati ya kusafiria mapema, na kadi ya homa ya manjano isikose mfukoni. Ada ya kushiriki huwa na punguzo kwa wanafunzi na wakati mwingine kwa wenyeji, ila hutalipata usipouliza, kwa hiyo uliza kwa maandishi. Muhtasari wa mada unaowatumia waandaaji uwe mfupi: ulichokiona, mahali, kipindi, na namna ulivyokiandika. Huhitaji zaidi ya hayo.

Ukirudi, usikae zaidi ya wiki bila kuwaandikia wale mliozungumza nao. Tuma picha ulizoahidi, na kila moja iwe na tarehe na mahali kwenye jina lake. Nakala moja ibaki kwako, nyingine ipeleke ofisi ya hifadhi, na ya tatu mpe mwalimu wa jiografia wa shule iliyo karibu nawe. Simu hupotea na madaftari hulowa, na picha ya mwaka huu ya ukingo wa barafu haiwezi kupigwa tena mwakani.