Hajarukwa na akili
Pole sana, dada. Kama kaka yako anaelewa kila kitu tangu aanguke na boda boda huko Arua, Uganda, ila akitaka kijiko anasema "kisu", hicho si kiburi wala wazimu. Huenda zimeumia sehemu za lugha, ambazo kwa watu wengi ziko ubongo wa kushoto. Daktari Paul Broca alilionyesha hilo Ufaransa miaka ya 1860. Maneno kukokoteka kama ya mlevi ni shida nyingine: ubongo unashindwa kuongoza ulimi na midomo.

Zimeni redio, mmuulize maswali ya ndiyo au hapana, kisha mmsubiri. Msimmalizie sentensi! Kilugbara, lugha ya huko Arua, kikitangulia kurudi, mwacheni akiongee. Daktari awaelekeze kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Akianza kutapika au kusinzia ovyo, hospitali leo leo.