Kanisa Linaporidhika na Hali Yake

SWALI: Bwana asifiwe, Mzee wetu. Ninasali katika kanisa moja mjini Jinja, ambamo nilibatizwa na kufungia ndoa. Miaka ya karibuni tumejenga jengo kubwa, tumenunua vyombo vya muziki na viti vipya, na siku ya Jumapili watu hujaa mpaka nje. Hata hivyo, ushirika wa maombi wa katikati ya wiki umebaki na akina mama wachache wazee. Viti vya mbele vimetengwa kwa watoaji wakubwa, na majina yao husomwa pamoja na kiasi walichotoa. Binti mmoja wa kwaya ameacha kuja kwa sababu hakuweza kununua sare mpya ya siku ya shukrani. Nilipolieleza baraza la kanisa, nilijibiwa kwamba kanisa linakua na kwamba Mungu ametubariki. Je, ninalalamika bure? Au nihamie kanisa lingine? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Amina, dada yangu. Hulalamiki bure, na jibu ulilopewa na baraza linanisikitisha kuliko viti na sare, kwa maana mtu anayejua kwamba ni mgonjwa hutafuta dawa, lakini anayejiona mzima hana anachokitafuta. Kanisa la Laodikia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, lilijibu hivyohivyo: "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu." Mji wenyewe ulisifika kwa fedha na kwa sufu yake nyeusi, na ulipoangushwa na tetemeko la ardhi mwaka 60 ulijijenga upya kwa mali yake, bila msaada wa serikali ya Roma. Wakristo wa mji huo walikuwa wameingia kanisani na majivuno ya mji wao bila kutambua. Ukiisoma sura ya tatu ya Ufunuo kwa utulivu, utaona kwamba hawashtakiwi kwa uasherati wala kwa kula vyakula vya sanamu, kama walivyoshtakiwa baadhi ya watu wa Pergamo na Thiatira. Wanashtakiwa kwa uvuguvugu, na kwa kuridhika na nafsi zao huku Bwana wao akiwa amesimama nje ya mlango akibisha.

Sisi wa Uganda tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengi, kwa sababu limekwisha kutupata. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wa Kikristo, Waanglikana kwa Wakatoliki, walichomwa moto Namugongo kwa kukataa kumwacha Kristo. Wakati huo Ukristo haukumpa mtu cheo, ulimpa hatari. Lakini baada ya vita vya kidini na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na ufalme huo, machifu waliogawiwa maeneo makubwa ya ardhi walikuwa, kwa sehemu kubwa, Wakristo, na kwa mtu aliyetaka heshima, elimu na kazi, ubatizo ukawa njia iliyofunguka. Sisemi kwamba waliobatizwa wote walikuwa wanafiki. Wengi walimpenda Bwana kwa dhati. Ninasema kwamba katika muda wa kizazi kimoja kanisa lililozaliwa katika mateso lilianza kupimwa kwa shule zake, kwa hospitali yake ya Mengo, kwa ardhi yake na kwa kanisa kuu la matofali lililowekwa wakfu Namirembe mwaka 1919. Vitu hivyo vyote vilikuwa vyema na vimetufaa mpaka leo, lakini havikuweza kueleza hali ya moyo wa mtu.

Ndipo akatokea Blasio Kigozi, Mganda aliyehudumu Gahini, Rwanda. Mwanzoni mwa mwaka 1936, miaka 50 tangu Namugongo, alikuja na maswali aliyotaka yaulizwe katika sinodi ya Kanisa la Uganda: nini chanzo cha ubaridi na ufu wa kanisa, tufanye nini kuhusu watu wanaoishi katika dhambi hadharani na bado wanakaribia Meza ya Bwana bila kuzuiwa, na nini kifanyike ili uamsho uje. Alifariki Januari mwaka huohuo, angali kijana, lakini maswali yake hayakuzikwa pamoja naye. Ninakuomba uyatafakari, dada yangu, kwa sababu hakuuliza kwa nini waumini ni wachache wala kwa nini sadaka imepungua. Waumini walikuwapo, na majengo yalikuwapo. Kwa hiyo, baraza lenu linapotaja wingi wa watu kuwa uthibitisho wa baraka, linajibu swali ambalo hukuuliza.

Sasa nirudi kwa binti wa kwaya, kwa maana hapo ndipo palipo na jeraha. Yakobo aliwaandikia waumini waliomwambia mwenye mavazi mazuri, "Keti wewe hapa mahali pazuri," na kumwambia maskini asimame kando, kwamba wamekuwa waamuzi wenye mawazo mabaya. Hakuna aliyemfukuza binti huyo, najua. Lakini kanisa likiweka bei ya sare na lisiulize nani ataishindwa, limekwisha kumtenga, na uchungu wake ni mkubwa zaidi kwa kuwa ametengwa katika ibada ya kumshukuru Mungu. Dunia humpanga mtu kwa mavazi, gari na kiasi cha bahasha yake. Hiyo ni kawaida ya dunia, na mtoto huyo anaiona shuleni na sokoni kila siku. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo alipaswa kuketi bila kupimwa hivyo. Kabla hujarudi kwenye baraza, nenda nyumbani kwake pamoja na mama mmoja wa ule ushirika wa maombi, mkae naye, na mwombeni msamaha kwa niaba ya kanisa hata kama baraza halijakutuma.

Kuhusu kuhama, ninakushauri ubaki. Kigozi alikusudia kupeleka uchungu wake kwenye sinodi ya kanisa lake. Hakuanzisha kanisa jingine. Mwaka 1941 wanafunzi wa uamsho uliofuata, walioitwa Walokole, yaani waliookoka, walifukuzwa katika chuo cha teolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa mmoja wao, na bado aliendelea kuhubiri akiwa Mwanglikana. Walokole hao walikuwa na desturi ya kukutana katika vikundi vidogo, kila mtu akianza na toba yake mwenyewe kabla ya kutaja kosa la mwenzake, na nguvu yao ilitoka humo. Wale mama wachache wa katikati ya wiki ndio urithi huo, kwa hiyo usiwahesabu kuwa mabaki.

Lakini nikuonye kwa upendo. Uamsho wenyewe ulifika mahali ukagawanyika, na wako ndugu walioanza kupima wokovu wa wengine kwa mavazi, kwa mapambo na kwa mikopo. Walikuwa wameikataa dunia, kisha wakaridhika na jinsi walivyoikataa, na huko kuridhika ni uvuguvugu uleule wa Laodikia. Ukienda kwenye baraza kama mtu pekee aliye macho kati ya waliolala, hutasikilizwa, na wala hutakuwa umesema kweli. Zungumza kwanza na mchungaji peke yake, kisha omba mambo mawili tu: majina na kiasi cha sadaka visisomwe tena, na sare ya kwaya ilipiwe na kanisa zima au isiwepo.

SWALI: Katika kanisa letu la kijijini, Wilaya ya Kasese, mgombea mmoja alileta mabati na fedha, kisha akapewa nafasi ya kuhutubia kutoka mimbarini. Vijana wanataka mabati yarudishwe. Unasemaje? (Kijana msomaji)

JIBU: Ndugu yangu, kosa halimo katika mabati, limo katika mimbari iliyotolewa kuwa malipo yake. Bwana alituagiza tunapotoa sadaka tusipige panda mbele yetu, na agizo hilo linamhusu mgombea kama linavyomhusu mkulima wa kahawa. Kama mabati yamekwisha kuezekwa, yaacheni, msiwanyeshee wajane na watoto mvua kwa ajili ya kumkomoa mtu. Badala yake, liombeni baraza la kanisa liandike sasa, kabla ya kampeni nyingine, kwamba mchango wowote utapokelewa na mweka hazina na kupewa stakabadhi, hautatangazwa ibadani, na mtoaji, awe nani, ataketi palipo na nafasi. Kisha waraka huo ubandikwe mlangoni, ili kila mgombea atakayekuja ausome kabla hajashusha chochote kutoka kwenye gari lake.