Wasomaji Wanauliza: Mapambo ya Vitu vya Ufukweni

SWALI: Naokota vigae vya chupa vilivyosuguliwa na mawimbi ili nitengeneze hereni. Nikivitoboa vinapasuka mwishoni kabisa, tundu likikaribia kutokeza. Nakosea wapi?
Msomaji, Nungwi

JIBU: Bila shaka unatoboa upande mmoja tu mpaka unatokea wa pili. Tabaka jembamba la mwisho halina cha kuegemea, kwa hiyo humeguka. Toboa hadi nusu, geuza kigae, kisha toboa upande wa pili mpaka matundu yakutane.

Ncha ya kutobolea mbao haifai kwa kioo. Nunua yenye vumbi la almasi, ya milimita 1.5 au 2. Tandika kipande cha kandambili (ufukweni hazikosekani) kwenye bakuli bapa, weka kigae juu yake, mimina maji yakifunike kidogo tu. Tumia drili ya betri. Ya waya wa umeme usiikaribishe kwenye maji. Anza ukiwa umeilaza ncha kidogo ili ichonge alama na isiteleze, ndipo uisimamishe. Mwendo uwe wa polepole na mkono mwepesi. Kila baada ya sekunde chache inua ncha, maji yaingie tunduni yapoze na kutoa unga, kwani joto nalo hupasua kioo. Ncha ikikataa kula, usikandamize. Imekwisha, weka nyingine. Kati ya tundu na ukingo bakiza angalau milimita 3.

Kigae ambacho bado kinang'aa na kina makali hakijaiva. Kisugue kwa msasa wa maji namba 220, kisha 400, kikiwa kimelowa.

SWALI: Makombe yangu yalikuwa yananuka. Nimeyaloweka kwenye jiki usiku kucha, sasa yamepauka na yanatoa unga. Yatarudi?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Rangi hairudi. Jiki ikikaa muda mrefu hula uso wa kombe. Siki ni mbaya zaidi, maana huyeyusha chokaa, na kombe lenyewe ni chokaa. Safari nyingine loweka kwenye maji baridi siku mbili tatu, ukiyabadilisha kila siku, sugua kwa mswaki, kausha kivulini, kisha pakaza tone la mafuta ya nazi. Harufu kali maana yake mnyama alikuwa bado ndani. Chungulia kabla ya kuokota. Hata kombe lililoachwa na mwenyewe huenda kaa mdogo amehamia. Ukitoboa au kupiga msasa, fanya kwa maji na uvae barakoa: vumbi la kombe hudhuru mapafu.

SWALI: Hereni za vijiti vya ufukweni zinaota ukijani kwenye kulabu.
Msomaji, Tanga

JIBU: Kulabu ni za shaba, na mti bado una chumvi inayovuta unyevu. Loweka vijiti wiki nzima kwenye maji yasiyo ya chumvi, vikauke kabisa, na utumie kulabu za chuma kisichoshika kutu.

SWALI: Mteja mtalii anataka kidani cha matumbawe aende nacho kwao Italia. Nimuuzie?
Msomaji, Watamu

JIBU: Usimuuzie. Matumbawe magumu na makombe ya chaza wakubwa wa jamii ya Tridacna yamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini; kwa kawaida hayavuki mpaka bila kibali. Akikamatwa uwanja wa ndege atanyang'anywa. Magamba ya ng'amba (aina ya kasa) ndiyo usiyaguse kabisa. Mpe kidani cha kifuu kilichopigwa msasa hadi namba 600: kinang'aa bila vanishi.