Jiko la kale shambani: sumaku itakwambia umri wake?

Mdogo wangu, umeuliza kama lile jiko la udongo ulioungua, ulilolifukua shambani kwenu Micheweni, linaweza kujulikana umri kwa habari za ncha za sumaku za dunia kupinduka, yaani kaskazini na kusini kubadilishana. Kwa kupinduka, hapana. Mara ya mwisho ilikuwa miaka kama 780,000 iliyopita. Mpishi wako hakuwapo.

Kinachokufaa ni badiliko dogo zaidi: uga sumaku wa dunia (ile nguvu inayoelekeza dira) huyumba kidogo kidogo karne hadi karne. Udongo ukipata moto mkali, chembe zake za magnetaiti (madini ya chuma yenye sumaku) hupoteza sumaku zikivuka nyuzi joto 580 hivi. Zikipoa hushika mwelekeo wa uga wa siku hizo, zikabaki nao; ukilinganishwa na vipimo vya uga wa zamani, umri hukadiriwa.

Kwa hiyo usiling'oe! Kipande cha jiko kikishahamishwa, mwelekeo umepotea (nguvu ya uga bado hupimika, ila ni kazi ya kuchosha). Lifunike, uwaite watu wa Mambo ya Kale, waweke alama ya kaskazini kabla ya kukata sampuli. Ukiona mkaa usiushike kwa mkono. Mimi ningeanza na huo, kwa kaboni 14 (kaboni inayopungua kwa kasi inayojulikana, hivyo huonyesha umri wa mkaa), maana vipimo vya uga wa zamani upande wetu huu ni haba. Jiwe la matumbawe chini yake liache, sumaku yake hafifu mno.