Tomi haogopi gari, anaogopa sindano

*Barua za wasomaji kuhusu wanyama wa nyumbani zinajibiwa na daktari wa mifugo mstaafu.*

Swali

Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam. Mume wangu amehamishiwa Iringa kikazi, na mwisho wa mwezi ujao tunamfuata na vyombo vyote. Tuna mbwa wetu dume, Tomi, wa miaka minne, wa kienyeji, ana kama kilo 20. Nyumbani ni mpole mno, watoto wanamlalia. Ila akiona tu mlango wa gari umefunguliwa anajikojolea. Tumempandisha mara tatu maishani mwake, zote kumpeleka kuchanjwa. Safari ya mwisho alitapika, akakwaruza siti, kisha akarukia mbele kwenye usukani. Tulikosakosa kugonga bajaji. Sasa shemeji anasema tumtie kwenye gunia tumweke kwenye buti. Jirani anasema tumpe vidonge vya usingizi. Mwingine anasema tumwache hapahapa, tutapata mwingine Iringa. Watoto wakisikia hilo wanalia. Nifanye nini?

*Mama wawili, Tabata*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Ahsante kwa kutomwacha, na waambie watoto nimesema Tomi ataenda Iringa. Una zaidi ya wiki nne, zinatosha kabisa ukianza leo jioni.

Soma tena barua yako uone jambo uliloliandika bila kulitilia uzito: mara tatu kwenye gari, mara tatu sindano. Tomi ametumia akili yake vizuri. Kwake yeye mlango ule ukifunguliwa, mwisho wake ni mtu wa koti jeupe kumshika shingoni. Katika miaka yangu ya kazi nimepokea mamia ya mbwa waliofika wakitetemeka namna hiyo, na wengi wao kiwanjani hawakuogopa kitu. Kwa hiyo hatumfundishi kulizoea gari kwa nguvu. Tunambadilishia anachokitarajia.

Leo jioni, gari likiwa limezimwa uani, mpelekee ugali wake na dagaa karibu na gari. Siyo ndani. Weka sahani pale anapoweza kula bila kugeuka geuka kutazama mlango, hata kama ni hatua kumi. Kesho isogeze hatua moja. Milango yote iwe wazi, ili aone kwamba hakuna anayekuja kumfungia. Akifika kula pembeni ya tairi, weka sahani kwenye sakafu ya gari, pale mlangoni, yeye akiwa amesimama chini. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: mbwa akiingiza kichwa, wanamsukuma makalio aingie wamalize. Ukimsukuma mara moja tu umerudi siku ya kwanza, na safari hii hatakuamini hata na sahani. Mwache apande mwenyewe siku atakayotaka. Mkeka anaolalia usiku utandike kwenye siti ya nyuma bila kuufua, harufu yake inamwambia kwamba pale ni kwake.

Mtazame uso kuliko mkia. Mbwa anayeogopa hupiga miayo bila usingizi, hujilamba midomo bila chakula, masikio hulala nyuma, mate humtiririka, weupe wa jicho huonekana pembeni. Ukiona hayo umekwenda haraka. Rudi hatua moja, siku mbili, kisha endelea. Usimkaripie. Kukojoa kule si ukaidi, na fimbo itamthibitishia kwamba gari ni mahali pa kuumizwa.

Akishakuwa anapanda na kula, funga mlango kwa muda wa kuhesabu hadi tano, kisha fungua. Siku nyingine washa injini, kaa naye nyuma, mpe vipande vya maini yaliyochemshwa, vidogo kama punje ya harage, kimoja kimoja, halafu zima. Siku nyingine mwende hadi getini na kurudi. Safari ya kwanza barabarani iwe ya dakika tano na iishie mahali pa raha: kiwanja cha mpira, au popote anapoweza kunusa na kukimbia kwa kamba. Baadaye nenda naye hadi Kinyerezi na kurudi. Na tafadhali, katika wiki hizi nne asipelekwe kliniki kwa gari. Kama chanjo yake ya kichaa cha mbwa inakaribia mwaka, mwite mtaalamu aje nyumbani, na kadi yake iweke pamoja na nyaraka za safari. Pita pia kwa ofisa mifugo wa wilaya umuulize kuhusu kibali cha kumhamisha.

Sasa usalama, maana mbwa mtulivu asiyefungwa bado ni hatari. Ile siku ya bajaji Mungu aliwaepusha. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla, Tomi ataendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule. Akigonga siti ni sawasawa na kudondoka kutoka karibu mita 10, na kama kichwa cha mtoto kiko mbele yake, kilo 20 zote zinaishia pale. Kwa hiyo akae siti ya nyuma, siyo mbele kwenye mfuko wa hewa unaofumuka, na afungwe kifuani, kamwe si shingoni. Mikanda ya namna hiyo inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya wanyama. Ukiikosa, tafuta mkanda wa usalama wa gari chakavu kwa wauza spea Gerezani, umpelekee fundi viatu mzuri. Mkanda mmoja uzunguke kifua mbele ya miguu ya mbele, wa pili uzunguke mbavu nyuma ya miguu hiyo, viunganishwe mgongoni, mishono iwe miwili miwili, na pete ya chuma juu ya mgongo. Kwenye pete hiyo pitisha mkanda mfupi unaojifunga kwenye mkanda wa siti. Urefu wake umruhusu kukaa na kulala, usimruhusu kufika mbele. Aanze kuuvaa nyumbani wakati wa kula, kabla ya kuuvaa garini.

Shemeji yako mwambie kwa heshima kwamba gunia hapana. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, ana kidogo tu kwenye nyayo. Anajipoza kwa kuhema mdomo wazi, na ndani ya gunia, kwenye buti, anavuta tena ileile hewa ya moto aliyoitoa. Niliwahi kuletewa mtoto wa mbwa aliyesafirishwa kwenye boksi katika buti la basi kutoka nyanda za juu. Aliyemtuma alikuwa amemwekea hadi maziwa. Nilipolifungua boksi alikuwa ameshakufa, na maziwa hayajaguswa.

Vidonge vya usingizi vya binadamu pia hapana. Kipimo cha mtu kinaweza kumuua, na zipo dawa zinazoulegeza mwili wakati hofu imebaki palepale, mbwa anaogopa bila uwezo wa kusogea. Dawa halali ya kuzuia kutapika kwa mbwa ipo. Zungumza na daktari wa mifugo mapema, na uijaribu kwenye safari fupi kabla ya siku yenyewe.

Siku ya safari, chakula chake cha mwisho kiwe jioni ya jana yake, na maji apewe kidogo kidogo. Ondokeni saa kumi alfajiri, baada ya kumtembeza nusu saa nzima. Mtafika Morogoro kabla jua halijapanda. Hapo mshusheni ajisaidie, kwa sababu mbele yake kuna Mikumi. Barabara inakatisha hifadhi kwa kilomita kama 50, na ndani yake hashuki mtu wala mbwa, hata kama analia. Pandisheni vioo. Mnakwepa nyani, na mnakwepa mbung'o, ambao wanaweza kumwambukiza ndorobo. Kwa mbwa ugonjwa huo ni mkali: homa, kukonda, macho kuingia ukungu kama ya mzee. Mkimwona hivyo wiki kadhaa baadaye, mwambieni daktari wa Iringa kwamba mlipita Mikumi.

Ruaha Mbuyuni kuna joto hata asubuhi. Simameni kivulini, anywe, apumzike robo saa. Watoto wanunue vitunguu. Baada ya hapo ni Mlima Kitonga, na huko kwenye kona, nyuma ya malori yanayotambaa, hata watu wazima hutapika. Mwombe dereva apande taratibu bila kukanyaga na kuachia breki, shusheni kioo kidogo upande wa Tomi, asiweze kutoa kichwa, na siti iwe imetandikwa turubai na shuka kuukuu juu yake. Akitapika, futeni, endeleeni, msifanye tukio. Iringa kuna baridi usiku kuliko alivyozoea, alale ndani au bandani kwa majani makavu, na kwa wiki mbili asitoke nje ya uzio bila kamba, asije akaanza kuitafuta Tabata.

Swali

Daktari, habari za kazi. Nina mbwa wawili wakubwa, ninawabeba nyuma ya pikapu kutoka Moshi hadi shambani Kahe, nimewafunga kamba shingoni wasiruke. Tukirudi napitia sokoni, nawaingiza mbele, nafunga milango na kuacha vioo wazi kidogo. Ni dakika kumi, kumi na tano. Mke wangu anasema ninawatesa. Anasema kweli?

*Mkulima, Moshi*

Jibu

Mke wako anasema kweli, ndugu yangu, na nakuandikia nikiwa na uchungu kwa sababu nimeona mwisho wa yote mawili.

Kuhusu kamba: Nilikuwa Msamvu, Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 90, pikapu mbele yetu ikapunguza mwendo. Mbwa aliyefungwa shingoni akamwona mwenzake kando ya barabara, akaruka. Kamba ilikuwa ndefu ya kumvusha ukingo, fupi ya kumfikisha chini. Dereva hakusikia kelele zetu upesi. Kama huna nafasi mbele, muombe seremala kizimba cha mbao chenye matundu kila upande, kila mbwa aweze kusimama na kugeuka ndani yake, kifungwe kwa kamba kwenye pembe zote za bodi na kiwe na paa la kivuli. Bati la pikapu lililopigwa na jua la Kahe linaunguza nyayo, hivyo tandika mkeka au gunia chini.

Kuhusu sokoni: nje kukiwa na nyuzi 30, gari lililofungwa juani linafika karibu 40 kwa dakika kumi, na karibu 50 kwa nusu saa. Vioo kuacha upenyo wa vidole viwili havibadilishi kitu cha maana. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39. Likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Wateremshe nyumbani kwanza, sokoni uende baadaye, au nenda na kijana wa kukaa nao kivulini.

Ukiwahi kurudi ukamkuta mmoja anahema kwa nguvu, ulimi umekuwa mwekundu wa kukoza, anayumba, usisubiri uone. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni, kwapani na miguuni, mpepee kwa kipande cha boksi, mpe maji alambe mwenyewe bila kumlazimisha, kisha mpeleke kwa daktari huku bado umemlowesha, na vioo vyote vikiwa wazi.